Uzi: Lancha na programu za utafutaji wa haraka kwa simu za vitufe, ipi inafaa na kwa nini

KitufeChaTano (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali la lancha gani (yaani programu inayoshika skrini ya mwanzo na kukufungulia programu nyingine) inafaa kwa simu ya vitufe limekuwa likirudi kila mara, na majibu yake kwa kawaida huwa ni majina ya programu yaliyomwagwa bila maelezo ya kwa nini hii ishinde ile. Nauleta uzi huu ili tulinganishe kwa hoja. Ninaposema simu ya vitufe nakusudia simu yenye namba 0 hadi 9, nyota na reli, iwe ni kiswaswadu cha kawaida, iwe ni Nokia ya zamani ya Symbian, iwe ni hizi za Android zenye vitufe na kioo kidogo cha kugusa kama Qin F21 Pro na Cat S22 Flip. Simu zenye kibodi kamili ya herufi nitazigusa pale tu zinaposaidia kuonyesha tofauti, kwa sababu kule kila herufi ina kitufe chake na tatizo letu karibu lote halipo.

Kipimo changu kikubwa ni mibonyezo. Chukua jina Hamisi. Ukiliandika kwa njia ya kurudiarudia kitufe, unabonyeza 4 mara mbili, 2 mara moja, 6 mara moja, 4 mara tatu, 7 mara nne, kisha 4 mara tatu tena, jumla mibonyezo 14, na kwenye majina mengine unasubiri pia kidogo kila herufi mbili zinazofuatana zinapokaa kwenye kitufe kimoja. Programu inayolinganisha kwa namba inataka 426474 tu, yaani mibonyezo sita, na kwa kawaida jina litakuwa limekwisha kujitokeza ukifika wa tatu au wa nne. Hiyo ndiyo faida yote ya utafutaji wa haraka kwenye simu ya namna hii, na programu yoyote isiyokupa faida hiyo, hata ikiwa na mandhari ya kupendeza na saa kubwa kwenye skrini ya mwanzo, kwangu haijafanya kazi iliyoitwa kufanya.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Vitufe vyenye herufi ni vinane, kuanzia 2 hadi 9. Programu hupitia majina yote ya watu na ya programu zilizomo, ikaligeuza kila jina kuwa mfululizo wa namba na kuuhifadhi, ili Juma awe 5862 na Asha awe 2742. Unapobonyeza, haikisii herufi uliyokusudia. Inatafuta tu mfululizo unaoanza na namba ulizobonyeza. Mibonyezo mitatu ina michanganyiko 512, ambayo kwa hesabu ya juu juu ingetosha kumtenganisha kila mtu kwenye kitabu cha majina cha kawaida. Majina yetu, hata hivyo, hayakugawanyika sawasawa. Mohamedi, Mwanaidi, Mariamu, Musa, Neema, Nasra na Omari wote wanaanzia kitufe cha 6. Hassani na Ibrahimu wanafanana kwa mibonyezo mitatu ya kwanza, 427, na wanaachana kwenye wa nne. Mariamu na Nasra ni 627 wote wawili. Kwa hiyo kinachofuata kwa uzito ni mpangilio wa matokeo: je, programu inamweka juu yule unayempigia kila siku, au inapanga kwa alfabeti na kukulazimisha ushuke kwa mshale?

Sasa nifike kwenye hoja iliyonifanya niandike. Programu za Android zinazotajwa sana zimegawanyika katika makundi mawili, na watu huzichanganya. Kundi la kwanza linalinganisha namba zenyewe. Mfano ni AppDialer, ambayo inakuwekea vitufe vya namba kwenye kioo na kutafuta programu na majina ya watu kwa mtindo wa T9, yaani ubonyezo mmoja kwa kila herufi. Na mfano mwingine ni sehemu ya kupigia simu iliyokuja na simu yako, ambayo kwenye simu nyingi za Android hufanya hivyo hivyo kwa majina ya watu. Kundi la pili linasubiri herufi. Humo imo KISS, ambayo ni programu huria, nyepesi sana, na kwa maoni yangu ndiyo lancha iliyofikiriwa vizuri kuliko zote kwa wanaopenda kutafuta badala ya kupekua kurasa za ikoni. Imo pia Olauncher, ambayo inaonyesha majina ya programu kwa maandishi matupu, hadi 8 kwenye skrini ya mwanzo, na inaweza kuifungua programu yenyewe mara tu inapobaki moja kwenye matokeo.

Kundi la pili likiwekwa kwenye simu ya vitufe linahitaji kibodi ya kuligeuzia namba kuwa herufi. Iliyo bora ninayoijua ni Traditional T9, inayojulikana kwa kifupi kama TT9, nayo ni huria, haina matangazo, na imetengenezwa mahususi kwa vitufe halisi. Ni kibodi nzuri mno ya kuandikia ujumbe. Tatizo linakuja pale unapoitumia kutafutia. Ukibonyeza 5862, kibodi yenye kamusi inaona neno la kawaida linalolingana, labda "kuna", na kuliweka kwenye kisanduku cha kutafutia. Lancha inatafuta "kuna". Juma hatokei. Itakubidi upekue mapendekezo ya kibodi hadi umpate Juma, endapo yumo kwenye kamusi, ndipo lancha ianze kutafuta upya. Yaani mambo mawili yanakisia kwa zamu: kibodi inakisia neno moja kwanza na kuyatupa mengine, kisha lancha inatafuta ndani ya kile kilichobaki. Programu inayolinganisha namba haitupi chochote mpaka ubonyezo wa mwisho.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wangu kwa simu yenye vitufe vya namba ni kwamba kitu cha kwanza cha kuangalia ni kama programu inalinganisha namba yenyewe. Mengine yote, ikiwa ni pamoja na kutafuta kwenye mtandao, hali ya hewa na wijeti, yafuate baadaye.

Karibuni.

MzeeWaE52

Mleta uzi, umeandika vizuri, lakini umewaruka wazee. Haya mnayoyahangaikia leo kwenye Android tulikuwa nayo tayari, na mengine yalikuwa yamejengwa ndani ya simu bila kupakua chochote.

Tuanze na Nokia 3310 ya mwaka 2000. Ukiingia kwenye menyu, juu pembeni ya skrini kulikuwa na namba ya mahali ulipo. Ukishaikariri namba ya kitu unachokitumia sana, ulibonyeza menyu kisha zile namba mfululizo na ukafika bila kusoma chochote. Haikuwa programu ya kutafuta, lakini kwa mtu aliyeizoea hakuna lancha ya leo inayoishinda kwa kasi, maana haikuhitaji hata kutazama skrini.

Kwenye S60, yaani Symbian ya simu za Nokia, menyu ikiwa ya vigae, kila kitufe kilifungua ikoni iliyokaa mahali pake: kitufe cha 1 ikoni ya kwanza juu kushoto, kitufe cha 5 ile ya katikati ya safu ya pili, na kuendelea. Mtu aliyepanga menyu yake kwa busara, akaweka kamera kwenye 5 na ujumbe kwenye 1, alikuwa na njia ya mkato ya mibonyezo miwili kwa kila kitu cha muhimu. Nashangaa hadi leo kwamba lancha nyingi za Android hazifanyi hivi, ilhali vitufe vipo na vigae vipo.

Halafu ilipokuja Nokia E52 mwaka 2009, na ndugu yake E72 mwenye kibodi kamili, kulikuwa na utafutaji wa majina moja kwa moja kutoka kwenye skrini ya mwanzo. Unaiwasha mara moja kwenye mipangilio, kisha ukibonyeza vitufe ukiwa pale pale mwanzo majina yanayolingana yanatokea, na unapiga kwa kitufe cha kijani. Kwa E52, yenye vitufe vya namba, ndicho hasa anachokieleza mleta uzi. Upande wa Microsoft nao, simu zao za Windows Mobile zisizo na kioo cha kugusa zilikuwa na kitu cha aina hiyo hiyo walichokiita Smart Dial. BlackBerry walikuja kuikamilisha kwenye toleo la 6 mwaka 2010: ukianza tu kuandika kwenye skrini ya mwanzo, simu inatafuta majina, programu, barua pepe na miziki kwa pamoja. Ila mleta uzi ana haki ya kuwaweka pembeni, maana simu zao kwa kawaida zilikuwa na kibodi kamili.

Kilichotushinda kwenye Symbian ni programu za nje. Kuanzia S60 toleo la tatu, mfumo ulianza kudai cheti na ruhusa maalumu kwa kila programu. Ili programu ikamate kitufe ikiwa haijafunguliwa mbele, jambo ambalo ndilo roho ya lancha ya haraka, ilihitaji ruhusa iitwayo SwEvent, na ruhusa hiyo mtumiaji hakuweza kuitoa mwenyewe kwa kubonyeza "ndiyo". Ilipaswa kutoka kwenye sahihi ya programu. Ndiyo maana vijana wengi waliishia kwenye programu zilizokwisha muda wa cheti na kurudisha tarehe ya simu nyuma ili zikubali kuingia. Nokia walipoacha kupokea programu mpya na masasisho ya Symbian kwenye duka lao mwanzoni mwa 2014, habari ikawa imekwisha.

Shangazi_wa_Tanga

Nimesoma michango yote miwili kwa makini na nashukuru, lakini naomba mnisaidie kwa lugha ya mtu asiyenunua simu kutoka China kwa mtandao. Nina wazee wawili nyumbani wanaotumia vitochi vya kawaida kabisa. Macho hayaoni vizuri, na kazi yao kwenye simu ni tatu tu: kupiga, kupokea, na kuangalia salio la pesa. Je, kwenye simu kama hizo kuna lancha ya kuweka, au huu uzi hautuhusu?

KitufeChaTano (mleta uzi)

Shangazi, shikamoo. Unakuhusu sana, na huenda kwako ndiko kwenye faida kubwa zaidi.

Jibu fupi ni kwamba hakuna lancha ya kuweka. Simu hizo ama hazipokei programu za nje kabisa, ama zinapokea programu za Java peke yake, na programu ya Java kwa ilivyoundwa imefungiwa chumbani: haioni orodha ya programu nyingine, haiwezi kukaa kwenye skrini ya mwanzo, na haipokei vitufe ikiwa haijafunguliwa. Inaweza kusoma majina ya watu kwenye simu zilizoruhusu hilo, lakini kwa programu isiyo na sahihi mfumo humkatiza mtumiaji kwa swali la ruhusa, na kwa mzee huo ni usumbufu mtupu. Kwa hiyo mtu akikuuzia lancha ya kitochi, usinunue.

Unachoweza kufanya ni kuyapanga majina yenyewe yafanye kazi ya lancha. Kwenye vitochi vingi, utafutaji wa majina unaruka kwa herufi ya kwanza, na herufi inaandikwa kwa kurudia kitufe. Kwa hiyo herufi zinazopatikana kwa ubonyezo mmoja ni A, D, G, J, M, P, T na W. Majina ya watu wanaopigiwa kila siku yaanze na herufi hizo. Mtoto aitwaye Salehe yuko mbali, maana S inataka mibonyezo minne ya kitufe cha 7. Ukimwandika "Pa Salehe" au jina lolote la nyumbani linaloanza na P, anafikiwa kwa ubonyezo mmoja. Usiwapange watu wengi chini ya herufi moja. Wanane wa muhimu, herufi nane, inatosha.

Na kuhusu salio la pesa, msimbo wa huduma unaweza kuhifadhiwa kama jina la mtu. Andika jina "Pesa", na mahali pa namba weka *150*00# kwa mwenye M-Pesa ya Tanzania, au *150*60# kwa mwenye Airtel Money. Aliye Kenya na M-Pesa ya Safaricom ataweka *334#. Mzee akimpigia "Pesa", menyu inafunguka kama vile ameibonyeza mwenyewe nyota kwa reli. Namba ya siri asiihifadhi humo kwa namna yoyote ile, hata kama kuna mtu atamwonyesha kwamba inawezekana kuunganisha hatua zote hadi mwisho.

Shangazi_wa_Tanga

Marahaba. Hili la herufi nane nimelielewa na nitalifanya. Swali la nyongeza: kila mtu kwenye simu ya mama ameandikwa "Mama Fulani", "Mama Fulani". Mama Asha, Mama Neema, Mama Zuberi, wote. Ukibonyeza M unapata kijiji kizima.

Msimbo

Naomba nilijibu hili, kwa sababu linagusa kitu ambacho mleta uzi hakukigusa na ambacho kwangu ndicho kinachotenganisha programu nzuri na mbaya kwa watumiaji wa Kiswahili.

Programu nyingi za utafutaji zimeundwa na watu wanaohifadhi jina la kwanza na la ukoo. Sisi tunahifadhi cheo, uhusiano au kazi kwanza, kisha jina: Mama Asha, Baba Juma, Fundi Bomba, Fundi Umeme, Mwalimu Hamisi, Dokta wa Meno, Boda Kona. Programu inayolinganisha mwanzo wa jina pekee ni msumeno butu kwa orodha kama hiyo, maana mibonyezo minne ya kwanza, 6262, imekwenda kwa "mama" na haijamtenganisha mtu yeyote. Programu inayolinganisha mwanzo wa kila neno ndani ya jina inakuruhusu kubonyeza 274 moja kwa moja na Mama Asha akatokea, bila kupitia "mama" hata kidogo.

Jaribio la kuifanyia programu yoyote kabla ya kuizoea ni hili: hifadhi jina la maneno mawili, rudi kwenye skrini ya kutafutia, bonyeza namba za neno la pili tu. Asipotokea, ifute. Jaribio la pili ni kubonyeza mwanzo wa neno la kwanza na mwanzo wa la pili kwa pamoja, kwa mfano 6 ya "Mama" ikifuatiwa na 274 ya "Asha". Zinazolipita hili ni chache, na ukiipata moja ishike.

Kwa kitochi cha mama, ambacho hakiwezi haya, suluhisho ni kugeuza mpangilio: "Asha Mama", "Neema Mama". Halipendezi kusoma, lakini linafanya kazi. Na jambo moja zaidi kwa Shangazi: angalia majina yamehifadhiwa wapi. Laini ya simu ina nafasi finyu kwa herufi za kila jina, na jina refu hukatwa mwishoni. Ukigeuza mpangilio halafu jina likakatwa, unapoteza neno la pili ambalo ndilo lilikuwa likieleza ni nani. Yahifadhi kwenye simu, si kwenye laini, kisha weka nakala ya namba hizo nane za muhimu kwenye laini kwa ajili ya siku simu itakapoharibika.

Sasa nirudi kwa mleta uzi na suala la lugha ya simu. Watu wengi hapa wameacha simu zao kwenye Kiingereza, na matokeo yake programu mbili zinazotumika sana, kikokotoo na kalenda, zinaanza zote kwa 225 na kuachana kwenye ubonyezo wa nne. Ukiiweka simu kwenye Kiswahili, Kikokotoo ni 545, Kalenda ni 525 na Kamera ni 526, kwa hiyo zinaachana mapema, ila zote zimejazana kwenye kitufe cha 5, na Mipangilio na Muziki zinajazana kwenye cha 6. Viambishi vya ngeli kama ki- na mi- navyo vinachangia kulundika maneno hapo. Kwa anayetumia KISS dawa ipo: inaruhusu kuiongezea programu lebo, kwa hiyo unaweza kuipa kila programu neno fupi la kwako, tuseme "pesa" kwa programu ya benki, na ukaitafuta kwa neno hilo.

MzeeWaE52

Msimbo, hapo kwenye maneno ya pili umenena.

Niulize kingine. Hakuna aliyegusa sauti. KaiOS, ambayo ndiyo iliyokuwa ndani ya Kitochi 4G ya Tigo, ilikuja na msaidizi wa sauti wa Google: ulishikilia kitufe cha katikati, ukasema, ikatafuta. Google waliweka dola milioni 22 kwenye kampuni hiyo mwaka 2018. Kwa nini mtu ahangaike na 426474?

KitufeChaTano (mleta uzi)

Kwa sababu inahitaji bando, mzee wangu. Utafutaji wa majina ninaouzungumzia unafanyika ndani ya simu, bila mtandao, hata ukiwa shambani ambako minara haifiki. Sauti hutegemea mtandao, hutegemea ukimya, na hutegemea mashine kuyafahamu majina kama Mwanakombo na Shekilindi. Kwenye daladala iliyojaa sidhani kama kuna mtu atataka kuiambia simu kwa sauti jina la anayemdai.

KaiOS ina kikwazo kingine kinachohusu mada. Programu zake ni za aina ya kurasa za wavuti, na ya kutoka nje haipewi ngazi ya ruhusa ya kuchukua nafasi ya skrini ya mwanzo. Kwa hiyo lancha iliyokuja nayo ndiyo utakayokaa nayo. Unaweza kubadili mwonekano wa orodha ya programu na kuzipanga upya, basi. Tena WhatsApp ilipoondolewa kwenye duka lake mwaka 2024, sababu kubwa ya wengi kuzinunua ilipungua, kwa hiyo kwa anayenunua leo singempendekezea kwa ajili ya utafutaji wala kwa lingine.

Msimbo, nakubaliana nawe kuhusu maneno ya pili, na nalipandisha juu ya kile nilichosema kuhusu mpangilio wa matokeo. Ila kwenye lebo za KISS, kumbuka bado zinapita kwenye kibodi. "Pesa" kwa TT9 ni 7372, na neno lolote lenye namba hizo kwenye kamusi linaweza kutangulia. Anayetaka KISS kwenye simu ya vitufe aiweke TT9 kwenye hali ya herufi moja moja, si ya kamusi, kisha achague lebo za herufi mbili au tatu zenye ubonyezo mmoja mmoja, kwa namna ile ile niliyomweleza Shangazi. "Ta" kwa taa, "pa" kwa pesa. Mibonyezo miwili tu, na KISS inakumbuka ulichokifungua baada ya kutafuta, hivyo inakileta juu safari ijayo. Kwa mpango huo KISS inakaribia kabisa kundi la kwanza kwa programu, ingawa kwa majina ya watu bado ningetumia sehemu ya kupigia simu.

Msimbo

Sawa, nakubali. Naongeza tahadhari moja ambayo haijasemwa. Wengi wakishapata programu ya kutafutia wanataka kitufe kimoja cha kuifungulia, kwa mfano kushikilia reli, na kwa hilo hutumia Button Mapper au Key Mapper. Zote mbili zinafanya kazi hiyo vizuri, na Key Mapper ni huria. Lakini zinafanya hivyo kupitia huduma ya ufikivu (Accessibility) ya Android, na programu yenye ruhusa hiyo inaweza kuona vitufe unavyobonyeza na maandishi yaliyo kwenye skrini. Kibodi nayo, kwa asili yake, inaona kila unachoandika. Kwenye simu ambayo unaingiza namba ya siri ya pesa kila siku, hilo si jambo la kupuuza.

Kanuni yangu ni kwamba programu ya kutafutia, kibodi na programu ya vitufe ziwe ni zile zenye msimbo wazi pale inapowezekana, zitoke kwenye duka linaloaminika, na zisiwe na ruhusa ya intaneti kama kazi yake haihitaji. TT9 haiombi ruhusa hiyo, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyonifanya niitumie. Lancha ya vitufe inayoomba mahali ulipo, kamera na ujumbe wako ili tu ikutafutie jina la Juma, iacheni huko huko dukani.

Shangazi_wa_Tanga

Nimemaliza simu ya baba: majina manane, herufi nane, "Pesa" ipo kwenye P. Amempata mdogo wangu bila kuniita. Ya mama nimegeuza majina kama alivyosema Msimbo, ila Mama Zuberi amekataa, maana Z ni mibonyezo minne ya kitufe cha 9. Nimwandikeje?

KitufeChaTano (mleta uzi)

Mwandike kwa herufi iliyobaki wazi kwenye simu ya mama. Kama anakaa jirani, "Jirani Zuberi" inampeleka kwenye J kwa ubonyezo mmoja wa 5. Kama J imeshachukuliwa, W ni ubonyezo mmoja wa 9, kitufe kile kile ambacho Z imo, na "Wa Zuberi" inatosha kabisa kwa mama kumtambua.